Panga la Baba Yako Libaki Nyumbani

Issa mwanangu,

Salamu nimekupa mchana kutwa, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda sokoni kuaga rafiki zako, na mimi nimepata nafasi ya kukaa mlangoni na kalamu kabla jua halijaingia nyuma ya milima ya Kongo. Nakuandikia jambo ambalo nikilisema kwa mdomo tunagombana, kama tulivyogombana leo mbele ya shangazi yako. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya kitanda chako. Isome yote, na kesho asubuhi uitie kwenye moto wa chai. Usipite nayo kwenye bariyeri yoyote ya askari.

Sitakuambia habari za kula, kuoga wala kusali. Shangazi yako ameshakueleza hayo mpaka umeanza kumcheka, na yaliyobaki mjomba wako Kasimu atakueleza huko ng'ambo ya mpaka. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile panga ulilolizungushia mkeka, ukaufunga kwa kamba mbili, ukadhani sijaona.

Nimeliona, nimelitoa, nimelirudisha nyuma ya mtungi. Nimekasirika sana, lakini si wewe ninayekukasirikia, na ndiyo maana naandika.

Mjomba wako amekatiwa kipande cha pori alime. Kuna miti migumu, kuna vichaka, kuna michikichi iliyojiotea yenyewe, na anataka lisafishwe kabla ya mvua. Ametuma neno kwamba mtu aje na chombo chake. Unajua mila yetu sisi watu wa mawese. Kijana akianza kazi haazimi chombo. Anapewa na baba yake, mkono kwa mkono, kikiwa kimenolewa. Akifika kazini mikono mitupu, watamlisha kama mgeni huku wakimtania mpaka aone haya kunyoosha mkono kwenye sinia. Baba yako angekuwa hapa, kesho angekupa panga mlangoni na mjadala usingekuwepo. Mimi ningekuwa jikoni nalia kidogo kwa sababu za kawaida za mama.

Ujue basi kwamba sijapoteza akili. Kazi unayokwenda kuifanya ni kazi ya panga. Bati lake ni jembamba na pana, linapita kwenye nyasi na matawi mabichi bila kukwama, na mkono ukichoka uzito wake unakusaidia. Kisu kikubwa, ninachotaka ukichukue badala yake, ni kizito mgongoni na kifupi mbele. Kinataka ukikaribie kitu unachokikata. Mtu anayefyeka pori kwa kisu atainama siku nzima, na jioni atakuwa amesafisha mahali pa kulala mbuzi. Haya nayajua, na ninayajua kwa mwili wangu.

Nilipoolewa na kuletwa hapa Kizuka, nilikuwa msichana wa mjini Rumonge, aliyezoea kununua kuni. Siku ya kwanza nikaenda porini na kisu cha jikoni alichonipa mama yangu. Nilikuta tawi kavu, nikalikata, halikukatika, nikachukua jiwe nikakigonga kisu mgongoni kwa nguvu. Kikavunjika katikati, na kipande kikanipita karibu na sikio. Nikarudi na mpini mkononi na vijiti viwili. Baba yako hakunicheka. Alisema kisu hakina kosa, jiwe ndilo lenye kosa. Chuma hakigongwi kwa jiwe, kinagongwa kwa gongo la mti. Wakwe zangu ndio walionicheka, na walinicheka mpaka ulipozaliwa wewe.

Naye alikuwa na lake. Mwaka wa Uhuru alipanda lori kwenda Bujumbura kuona bendera mpya, akarudi na panga refu lenye mpini mwekundu, limefungwa kwa karatasi. Mwaka ule kila mtu alitaka kitu kikubwa. Alilipitisha nyumba kwa nyumba kama mtoto mchanga. Kumbe lilikuwa refu mno kwa michikichi ya Kizuka. Ncha iligonga kila kitu, kifundo cha mkono kikamvimba, na mara moja lilidunda kwenye gogo kavu likashuka mpaka kwenye kiatu chake. Alivumilia msimu mzima akijifanya analipenda. Mwishowe alilipeleka kwa fundi chuma, likakatwa shibiri moja mbele, mpini mwekundu ukatupwa, akatia mpini wa mpera. Tangu hapo likawa panga kweli. Ndilo hilo ulilozungushia mkeka.

Sasa kisu. Kile kisu chake kikubwa, cha springi ya lori, hakikuwa cha kufyekea. Kilikuwa cha juu. Kule juu ya mchikichi mtu amejifunga mshipi unaouzunguka mti na kiuno chake, na hapo panga ni adui. Ukilirusha nyuma kupata nguvu, unaweza kuukata mshipi wako mwenyewe. Tulimjua mtu aliyefanya hivyo. Kwa hiyo baba yako alipanda na kisu, akauchokonoa mkungu wa chikichi kwa karibu mpaka ukaanguka, kisha akashuka, na chini ndipo alipochukua panga kupunguza miiba na kufyeka njia. Alikuwa akisema mtu mwenye akili ana vyote viwili na anajua kila kimoja kinakaa wapi. Hakuna siku tuliyobishana nyumbani humu kama panga ni bora au kisu ni bora. Sikujua kama siku itafika nichague kimoja, tena nichague kile kisichofaa.

Yaliyotokea mwaka huu huna haja ya kuambiwa, lakini nataka uyasikie kwa sauti yangu, maana leo umeniambia kwamba ninaogopa. Ni kweli ninaogopa. Lakini hasira ni kubwa kuliko woga.

Watu walikuja na mapanga. Hilo lilitokea hapa hapa, na mtu asikudanganye kwamba halikutokea. Waliua watu ambao tulikuwa tukiwauzia mafuta na kuazimana nao chumvi. Nawakasirikia watu wale mpaka leo. Walichukua kitu cha kazi, kitu ambacho kila nyumba inacho nyuma ya mtungi, wakakipeleka kwenye shingo za majirani. Hawakutuuliza. Walipomaliza wakakimbia, na mapanga yetu sote wakatuachia yakiwa yamechafuka.

Kisha askari wa serikali wakaja, na hao nao nawakasirikia, na sioni kwa nini nichague. Waliokuwa wameua walikuwa wameshapita zao. Waliobaki barabarani walikuwa watu wanaokwenda kazini.

Baba yako hakutaka kukaa ndani. Mawese ya watu yalikuwa yanaozea juu ya miti, na siku ya tatu ya kula muhogo mtupu alisema anakwenda. Panga hili zuri mpini wake ulikuwa umepasuka, akachukua jingine la zamani, butu, na kisu, akaondoka na Bakari, mwenzake wa kazi. Walikata mpaka adhuhuri. Wakati wa kurudi wakakuta bariyeri mpya ambayo asubuhi haikuwepo.

Bakari amenieleza mara nyingi, na kila mara namwomba anieleze tena. Askari alilichukua panga, akaligeuza, akaona wekundu kwenye bati. Wewe umekulia kwenye mawese, unajua chikichi ikikatwa inavyoacha rangi.

"Hii iko damu," askari alisema.

"Hapana, chef," baba yako akamjibu, kama tunavyowaita wakubwa. "Iko mawese. Onja mwenyewe."

Hakusema kwa kiburi. Bakari ameniapia. Alisema kama unavyomwambia mgeni asiyejua chakula cha kwenu. Na yule askari alipitisha kidole kwenye bati, akakinusa. Issa, alinusa. Bakari alikuwa amesimama karibu, aliuona uso wake, na anasema uso ule ulijua. Hakuna mtu aliyekaa Rumonge hata wiki moja asiyeijua harufu ya mawese. Alijifuta kidole kwenye suruali, akasema, "Panda gari."

Bakari wakamwachia kwa sababu alikuwa na kapu tu. Kile kisu walikiangalia wakacheka, wakamtupia. Kisu ambacho ni kikali mara kumi kuliko lile panga butu, ambacho mtu mbaya angekitumia vizuri zaidi, wakakitupa kama kijiko. Hawakuwa wakitafuta kitu kinachoua. Walikuwa wakitafuta panga, kwa sababu walikuwa wameambiwa panga. Ndivyo kisu kilivyorudi nyumbani na mwenyewe hakurudi.

Nilikwenda ofisi ya komini kuuliza. Ulitaka kunisindikiza nikakukataza, unakumbuka, na ukaninunia. Karani hakuinua uso. Aliniuliza, "Bwana yako alikuwa anatembeza panga ya nini?"

Nikamwambia, "Na wewe, hiyo kalamu iko ya nini?"

Akaniambia nitoke, nikatoka. Njiani nilikuwa na hamu ya kurudi kumuuliza tena. Lakini swali lile halikuishia kwa karani, na hilo ndilo lililonivunja. Majirani wamekuja kunipa pole na kuniuliza lile lile. Wanasema dada, pole sana, lakini siku zile panga lilikuwa la nini? Mwanamke ambaye baba yako alimkatia mumewe mawese msimu mzima ameketi kwenye jamvi langu, amekunywa chai yangu, akauliza. Wanauliza kwa upole, kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Wanataka niseme alikosea kidogo, ili wao walale wakijua kwamba asiyekosea hapatwi na kitu. Sitawapa. Mtu alikwenda kazini na chombo chake. Hakuna zaidi ya hapo.

Na wengine, wacha Mungu kabisa, wananiuliza kama nimekaa eda. Nikae vipi eda ya mtu ambaye hakuna aliyeniambia amekufa? Sina kaburi, sina karatasi, sina hata mtu wa kunitazama machoni na kulitamka. Wakinipa habari nitakaa eda yangu kama mke wa heshima. Kabla ya hapo nitavaa nguo zangu na nitatia sukari kwenye chai yangu, na atakayeshangaa ashangae.

Sasa nifike kwenye neno lako la leo mchana. Nilikuambia uache panga, ukasimama hapa mlangoni, mrefu kama yeye, ukaniambia, "Mama, nikiiacha hii panga, ni kama minakubali baba alikosa."

Nilinyanyua ndoo nikaenda ziwani, ingawa maji yalikuwepo nyumbani. Shangazi yako alidhani nimekasirika kwa kujibiwa. Hapana. Nilikwenda kwa sababu ulikuwa umesema kitu cha kweli, nami nilihitaji kutembea ili nipate cha kukijibu. Jibu ni hili.

Kuliacha si kukubali. Barabara kutoka hapa mpaka Nyanza-Lac, karibu na mpaka, ina bariyeri ambazo siwezi kuzihesabu, maana leo ziko hapa na kesho ziko pale. Lori utakalopanda litasimamishwa. Mkeka wako utafunguliwa, kwa sababu mkeka uliofungwa kwa kamba mbili unaomba kufunguliwa. Watakuta panga, na kijana wa miaka yako, mwenye jina lako, anayekwenda kuvuka mpaka. Utawaambia ni la baba yako. Watakuuliza baba yako yuko wapi. Utawajibu nini, Issa? Nimejaribu kila jibu kichwani na yote yanaishia kwenye gari.

Wewe unataka kulibeba ili useme kwamba yeye ni mtu safi. Nakuelewa, na kwa ajili ya hilo nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini wale hawatalisoma panga hilo kama unavyolisoma wewe. Walishanusa mawese wakaita damu. Mtu aliyeujua ukweli kwa pua yake na bado akaufutia kwenye suruali, utamfundisha nini kwa kufa mbele yake?

Na kuna jingine. Unasema kuliacha ni kukubali kwamba alikosa. Mimi nasema kulichukua ni kukubali kwamba harudi. Panga linasubiri mwenyewe. Mpini umeutia wewe kwa mikono yako, na umeutia vizuri, nimeushika leo haucheziki. Mwenyewe akirudi alikute limesimama mahali pake na mpini mpya, na nimwambie nani ameutia. Mimi siko tayari kuona mahali pale pakiwa wazi.

Basi utachukua kisu. Ni chake pia, kilikuwa mkononi mwake siku ile, na nimekinoa mimi mwenyewe kwenye jiwe la uani tangu alfajiri. Kitu cha baba yako utakuwa nacho. Usikifiche kiunoni, wakikikuta kiunoni maneno yameisha. Kiweke ndani ya kapu la chakula pamoja na ndagala na vitunguu, mpini ukionekana, na nimekipaka ndagala makusudi kinuke samaki kama kisu cha jikoni. Wakikucheka, waache wacheke. Inaniuma kukufundisha mwanangu kuchekwa, lakini nimeshaona kwamba walichokicheka ndicho kilichorudi nyumbani.

Huko porini kisu kitakutesa, sikudanganyi. Usikirushe kama panga, utajikata mguu. Mti mchanga usiupige. Uinamishe kwa mkono wa kushoto mpaka ukakamae, kisha upitishe makali pale ulipojikunja, upande wa nje, utakatika kama tango. Gogo la kupasua, weka makali kichwani pake na ugonge mgongo wa kisu kwa gongo la mti mbichi, usiguse jiwe. Vichaka vivute kwanza kwa kijiti chenye ndoano, ndipo ukate. Wenzako watakuwa wamemaliza mstari mzima nawe uko hatua chache nyuma yao umeinama. Watakutania kwamba umekuja kumenya viazi. Unaweza kuwaambia kwa nini, au unaweza kunyamaza. Mimi nisingewaambia siku za kwanza. Watu wa ng'ambo ni wema, lakini nao wanaweza kukuuliza lile swali, na sitaki ulisikie ukiwa bado na uchovu wa njia.

Nimeandika mengi na jua limekwisha. Nasikia sauti yako kwa jirani, unamsalimia mzee wake. Kesho sitakuja mpaka kwenye lori. Nitakupa kapu hapa mlangoni kwa mkono wa kulia, mahali ambapo baba yako angesimama, na tutanyamaza wote wawili, maana nikisema neno moja nitakurudisha ndani.

Lakini nakuomba jambo moja, na hili si ombi dogo. Ukipata ujira wako wa kwanza, usininunulie kanga wala usinitumie chochote. Nenda sokoni ukanunue panga. Chagua lisilo refu mno, lijaribu kwenye kifundo cha mkono kabla ya kulipa. Usilifunge kwa karatasi wala kwa mkeka. Liweke begani, mchana kweupe, na utembee nalo katikati ya barabara kubwa mpaka kwa mjomba wako, uwapite askari wa huko kama wapo, uwasalimie. Kisha niandikie mstari mmoja tu. Niandikie kwamba umepita na panga, na hakuna mtu aliyekuuliza ni la nini.

Mama yako,
Zaituni